Kidonge Bwenini: Sheria Mbili za 1978 na Mwanafunzi Aliyebaki Katikati

Mwaka 1978 Bunge la Tanzania lilitunga sheria mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zinamgusa kila mtoto aliyewahi kwenda shule na kidonge mfukoni. Ya kwanza ni Sheria ya Dawa na Sumu, namba 9 ya mwaka huo. Ya pili ni Sheria ya Elimu, namba 25. Moja ilisimamia nani auze dawa, kwa cheti cha nani na katika duka la aina gani. Nyingine ilisimamia nani asome, nani afundishe na nani anaweza kuondolewa shuleni. Ya dawa ilikwisha kufutwa na kuandikwa upya, ya elimu ingali hai ikiwa na viraka vingi, lakini swali moja lilipita katikati yao bila kuguswa na yeyote: mwanafunzi aliyeandikiwa dawa na daktari aiweke wapi, aimeze mbele ya nani, na afanywe nini akimgawia mwenzake. Maswali ya namna hii hayakai bila jibu. Tangu miaka ya 1990 jibu limekuwa likiazimwa kutoka sheria ya tatu, ile ya dawa za kulevya, ambayo haikutungwa kwa kumfikiria mtoto mwenye pumu wala kifafa. Nadhani huko tuliazima pabaya. Nadhani pia kwamba uwanda wa kati wa nchi, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi kata za pembezoni mwa Jiji la Dodoma kama Mkonze, una historia yake ya dawa shuleni, na humo ndimo kanuni ingefaa kuchimbwa.

Dawa za kizungu ziliingia Ugogo kwa mkono ulioonekana. Dk. Edward Baxter wa shirika la kimisionari la CMS alikuwa akitibu watu Mpwapwa mwishoni mwa miaka ya 1870, kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Misheni zilizofuata, Mvumi na Kilimatinde zikiwamo, ziliweka kanisa, darasa na chumba cha dawa katika uwanja mmoja. Kwa mpangilio ule mtoto hakuwa na dawa. Alipewa dawa, akaimeza palepale, akarudi darasani. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kampeni yao kubwa ya tiba vijijini katika miaka ya 1920 ilikuwa ya kupambana na buba, kwa sindano za bismathi na dawa za jamii ya aseniki. Watu waliifuata sindano kwa wingi kuliko serikali ilivyotarajia, maana vidonda vilikauka huku mwenyewe anaona. Miaka hiyohiyo serikali za wenyeji zikaanza kuajiri madresa, vijana waliofundishwa kusafisha vidonda na kutoa dawa chache katika zahanati ndogo. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba sindano haibaki. Hakuna anayekwenda nayo nyumbani, hakuna anayemwekea ndugu yake nusu, na hakuna mwalimu anayeikuta kwenye sanduku la mwanafunzi. Kwa kizazi kizima, tiba ya kisasa katika uwanda huu ilikuwa tendo lililofanyika mbele ya watu na kwisha.

Kidonge kilibadilisha mambo. Kwinini na asprini, kisha klorokwini baada ya Vita ya Pili, zilikuwa dawa za kubebeka, za kuhesabika na za kubakizwa. Sheria waliyokuja nayo wakoloni haikuwa na la kusema juu ya dawa ikishatoka dukani. Uingereza ilikuwa na sheria yake ya famasia na sumu ya 1933, iliyozipanga dawa kwa kadiri ya hatari zake na kumbana muuzaji wa zile kali kwa leseni na daftari, na sheria za makoloni zilichota kisimani humo. Jicho lake lilikuwa kwenye kaunta. Aliyeuza alijulikana, alichouza kiliandikwa, na mnunuzi akishavuka kizingiti alikuwa mtu mzima anayejitawala nyumbani kwake. Kwa mji wa Uingereza wa miaka ile, wenye daktari wa mtaa na famasia pembeni, labda ilitosha. Kwa Dodoma haikutosha, kwa sababu huku kidonge kilikuwa na safari ndefu kutoka kaunta hadi mdomoni, na njiani kilipitia mikono mingi.

Safari hiyo ilirefuka katika miaka ya Ujamaa, na ajabu ni kwamba ilirefuka kwa sababu ya mafanikio. Operesheni Dodoma ya 1971 ilizikusanya kaya za Wagogo katika vijiji, na vijiji vikapata zahanati na shule. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977. Mwaka huohuo wa 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida, na Shirika la Afya Duniani likatoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Mwaka uliofuata zikaja zile sheria mbili. Sheria ya dawa ilitenga famasi yenye mfamasia, inayoruhusiwa kutoa dawa za cheti, na duka dogo la dawa baridi, linaloruhusiwa kuuza zile zisizohitaji cheti. Dawa za cheti watu waliziita dawa moto, na bado wanaziita hivyo. Katika mkoa ambao famasi zilikuwa mjini na watu wako Zuzu, Mbabala, Mkonze na mbele zaidi, dawa moto ilikuwa ya zahanati, na zahanati ilikuwa na dawa kwa siku chache za mwezi. Mwaka 1984 serikali, kwa fedha za Denmark zilizopitia UNICEF, ilianza kupeleka makasha ya dawa muhimu kila mwezi katika zahanati na vituo vya afya. Mpango ule uliokoa watu wengi, lakini kasha lilipangwa kwa makadirio, na malaria ya masika haifuati makadirio ya mtu. Dawa ziliisha kabla ya mwezi kuisha.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo leo tunaiita kosa. Mtu aliyetoka zahanati na bahasha ndogo ya kaki yenye vidonge, juu yake ikiwa imeandikwa kwa kalamu 2×3, yaani viwili kutwa mara tatu, alimeza hadi homa ilipopoa, kisha akakunja mdomo wa bahasha na kuichomeka kwenye fito za dari ya nyumba ya tembe. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Alifanya hesabu ya mtu anayejua kwamba safari ijayo huenda asikute kitu. Mtoto wa jirani akishikwa na homa usiku, bahasha ilishushwa. Kumnyima jirani kidonge ulichonacho kungekuwa ukatili, na katika nchi ya ukame, ambako kaya zilivuka miaka mibaya kwa kukopeshana mtama, hakuna aliyeona tofauti kati ya kugawana chakula na kugawana dawa. Mtoto aliyelelewa hivyo, akifika bweni la sekondari na kumwona mwenzake anatetemeka kwa homa, atafanya alichoona kwao. Ukitaka kuelewa kwa nini wanafunzi hupeana dawa, anzia kwenye fito za dari kabla hujafika kwenye makundi rika.

Kubakiza na kugawana kulikuwa na gharama, na historia ya malaria nchini imeiweka wazi. Klorokwini, iliyomezwa kwa miongo mingi kwa dozi kamili na dozi nusunusu, ilishindwa nguvu na vimelea, na mwaka 2001 Tanzania iliiondoa kuwa tiba ya kwanza ya malaria na kuweka SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. SP nayo haikudumu. Katika mwongo uleule ikapisha dawa mseto, ALu. Usugu wa vimelea una sababu nyingi, na si haki kuutupa wote kwenye bahasha ya kaki, lakini dozi isiyokamilika ni mmojawapo wa milango yake. SP ilifundisha na somo la pili. Ni dawa ya jamii ya salfa, na watu wachache wenye mzio wa salfa huweza kubabuka ngozi vibaya. Hofu ya jambo hilo ilienea sana nchini dawa ilipoanza kutumika. Mwanafunzi anayempa mwenzake Septrin, nayo ya jamii ya salfa, aliyoandikiwa yeye hajui kama mwenzake ana mzio huo. Kwa hiyo sitetei kupeana dawa. Ninachouliza ni chombo gani cha sheria kinafaa kukomesha jambo hili, na chombo tulichokishika naona hakifai.

Kilishikwaje? Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena, maduka ya dawa yakaongezeka, na miaka michache baadaye zahanati za serikali zikaanza kuchangisha. Dawa moto ikawa kitu cha kununuliwa kwenye mtaa wowote wenye duka, kwa cheti au bila cheti. Wakati huohuo heroini ilikuwa ikiingia kwenye miji ya pwani, na mwaka 1995 Bunge likatunga sheria namba 9 ya kuzuia biashara haramu ya dawa za kulevya, ambayo miaka 20 baadaye ilipisha Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Hizi ni sheria za kupambana na wafanyabiashara, zenye adhabu za kutisha, na kwa wafanyabiashara ziko mahali pake. Mwaka 2002 zikatoka kanuni za kufukuza na kuwazuia wanafunzi shule, tangazo la serikali namba 295, chini ya ileile Sheria ya Elimu ya 1978. Kati ya sababu za kumfukuza mwanafunzi kanuni zilitaja makosa ya jinai kama wizi, kuharibu mali, ukahaba, matumizi mabaya ya dawa na makosa dhidi ya maadili, awe ameshitakiwa au hajashitakiwa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mazito. Mkuu wa shule na bodi yake hawana haja ya kusubiri mahakama, wala mkemia, wala mfamasia.

Kutoka kwenye kanuni, lugha hiyo ilishuka hadi kwenye karatasi ambayo kila mzazi wa sekondari ya serikali ameishika: maelekezo ya kujiunga na shule. Makosa yanayoweza kumfukuzisha mtoto hupangwa humo mstari kwa mstari, wizi, ulevi na dawa za kulevya, kupigana, kuoa au kuolewa, hadi kudharau Bendera ya Taifa. Ukurasa mwingine wa karatasi hiyohiyo una fomu ya uchunguzi wa afya, inayojazwa na daktari na kugongwa muhuri wa hospitali. Kurasa hizi mbili hazijuani. Daktari anaandika kwamba mtoto ana pumu au kifafa. Ukurasa wa makosa unasema dawa, bila kufafanua ni ipi. Na katikati yuko matroni wa bweni, ambaye siku ya ukaguzi wa masanduku atakuta vidonge vyeupe visivyo na jina na kuamua mwenyewe viko upande gani.

Kwa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mji huu ndio makao ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 na ambayo jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima. Mtoto anayetibiwa huko ana sababu mbili za kuficha dawa zake: anaogopa kuitwa mwehu, na anaogopa kuitwa mvuta unga. Chukua fenobabitoni. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1912 kwa jina la Luminal, na zaidi ya karne moja baadaye ingali mojawapo ya dawa za kifafa zinazotumika sana katika hospitali za serikali, kwa kuwa ni rahisi na inafanya kazi. Ndiyo dawa ambayo Dk. Louise Jilek-Aall aliwapa wagonjwa wa kifafa kule Mahenge katika miaka ya 1960, watu waliokuwa wametengwa na jamaa zao kwa kudhaniwa kwamba ugonjwa unaambukiza. Dawa hiyohiyo imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, pamoja na daizepamu, ambayo watu wanaijua zaidi kwa jina la Valium. Mtoto wa Mkonze aliyeandikiwa fenobabitoni anabeba, kwa wakati mmoja, kinga ya maisha yake na kitu ambacho mtu mwingine akikamatwa nacho bila idhini ya tiba ana kesi ya kujibu. Na ni dawa isiyokubali kukatishwa: mgonjwa akiiacha ghafla, degedege humrudia, mara nyingine kwa nguvu kuliko mwanzo. Matroni anayeichukua Ijumaa jioni akisubiri mkuu wa shule arudi Jumatatu anaweza kumletea mtoto madhara asiyoyakusudia.

Hali ni hiyohiyo, pengine mbaya zaidi, kwa wanafunzi wenye virusi vya UKIMWI. Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi katika kliniki za serikali mwaka 2004. Watoto waliozaliwa na maambukizi, ambao bila dawa wengi wao wasingefika darasa la kwanza, walianza kuingia mabweni ya sekondari katika mwongo uliofuata, na shule hazikuwa zimejiandaa. Dawa inamezwa kila siku, saa ileile. Kopo lake likitikiswa hulia, na katika bweni la watu 40 mlio huo unatosha kuzua maswali. Kwa hiyo vidonge huhamishwa kwenye kifuko cha plastiki au kuviringishwa kwenye soksi. Wahudumu wa CTC, yaani kliniki hizo za dawa za kufubaza, wanaijua desturi hiyo na wanaichukia, kwa sababu kidonge kilichotolewa kwenye kopo lake hupoteza jina, namba na tarehe, na mwenye ukaguzi hana njia ya kukitofautisha na kingine. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Lakini kanuni ya shule inayosema kila dawa ijulikane, bila kusema ijulikane kwa nani, inaivunja siri hiyo mlangoni. Mtoto anabaki kuchagua kati ya siri na kopo, na wengi huchagua siri.

Kuna watakaosema: ukilegeza kamba, tutakaribisha balaa. Pingamizi hili si la kudharauliwa. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikionya juu ya kile inachokiita dawa tiba zenye asili ya kulevya, zile za maumivu makali, za usingizi na za kikohozi chenye kodeini, ambazo hutoka hospitalini na madukani kwa njia halali kisha zikapotelea mitaani. Shule haiko kisiwani, na mwanafunzi anayeuza Valium kwa wenzake hakosei kwa wema wa moyo. Ninakubali yote hayo. Hata hivyo marufuku isiyobagua haimkamati huyo. Anayeuza anajua kuficha. Anayekamatwa ni yule ambaye lazima ameze kila siku mahali palepale. Na mwalimu aliyefundishwa kuona kila kidonge kuwa kosa hupoteza uwezo wa kuliona lile kosa lenyewe, maana macho yake yamejaa Panadol.

Marekani wameshaipita njia hiyo hadi mwisho wake, na kumbukumbu zipo. Mwaka 2003, katika mji mdogo wa Safford jimboni Arizona, viongozi wa shule walimpekua msichana wa miaka 13 hadi kwenye nguo za ndani wakitafuta ibuprofeni, dawa ya maumivu ambayo wasichana wengi huimeza wakati wa hedhi. Kanuni ya shule ilipiga marufuku dawa yoyote isiyo na ruhusa, iwe ya cheti au isiwe, na siku chache kabla mwanafunzi mmoja alikuwa ameugua baada ya kumeza vidonge alivyopewa na mwenzake. Kwa maana nyingine, hofu yao ilikuwa na msingi. Hata hivyo hawakukuta kitu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba upekuzi ule ulivunja katiba. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2004, Bunge lao lilikuwa limeshatunga sheria ya kuyashawishi majimbo yawaruhusu watoto wenye pumu kubeba pampu zao, baada ya kutambua kwamba pampu iliyofungiwa ofisini haimsaidii anayekosa pumzi uwanjani. Uingereza nayo mwaka 2014 ilizibebesha shule wajibu wa kisheria wa kuwahudumia wanafunzi wenye maradhi. Sizitaji nchi hizi kama walimu wetu. Ninazitaja kwa kuwa zimeona kwamba marufuku ileile tunayoipenda haitoshi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: mwalimu si muuguzi. Ana darasa la watoto 80, hana chumba, hana mafunzo, na mtoto akidhurika atashitakiwa yeye. Hapa historia ya Dodoma ina jibu, na jibu hilo limekuwa likitokea mbele ya macho yetu. Kwa miaka mingi walimu wa shule za msingi wamekuwa wakigawa kingatiba ya kichocho na minyoo ya tumbo, prazikwanteli na albendazoli, chini ya mpango wa taifa wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Prazikwanteli si peremende. Ni dawa kubwa, chungu, yenye maudhi kwa mtoto mwenye njaa. Mwalimu humsimamisha mtoto kwenye kijiti chenye alama, akasoma urefu badala ya uzito, akahesabu vidonge, akahakikisha mtoto amekula, akamwona anameza, akaandika jina na idadi kwenye daftari. Kongwa, mwendo mfupi mashariki mwa jiji, wanajua kijiti cha namna hiyohiyo kwa dawa nyingine: wilaya hiyo imechunguzwa tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya trakoma, na azithromaisini, antibayotiki ambayo dukani ingehitaji cheti, iligawiwa humo kijiji kwa kijiji na watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Hakuna aliyesema hawa si wauguzi. Serikali ilipotaka, mtu asiye muuguzi aliweza kutoa dawa moto kwa usalama, kwa sababu alikuwa na maelekezo, daftari na mtu wa kumpigia simu.

Kingatiba ilifundisha pia kwa kushindwa. Mwaka 2008 mjini Morogoro na katika shule za mkoa ule, ugawaji wa prazikwanteli uliishia kwenye ghasia. Watoto waliokunywa dawa bila kula walizidiwa, uvumi wa vifo ukasambaa, wazazi wakavamia shule, na zoezi likasimamishwa. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha dawa ni ya nini na kwa nini inatolewa na mwalimu. Ninaiona habari ile kuwa ushahidi upande wangu, ingawa msomaji mwingine anaweza kuigeuza: tatizo halikuwa mwalimu kushika dawa, lilikuwa dawa kushikwa bila mzazi kuambiwa na bila mtoto kulishwa. Zoezi lilirudi baadaye, kwa maandalizi bora, likiwa bado mikononi mwa walimu.

Mfano mwingine uko upande wa maduka. Mwaka 2003, ambapo sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi iliifuta ile ya 1978, serikali ilianza mkoani Ruvuma majaribio ya duka la dawa muhimu. Badala ya kuwafungia wauza dawa baridi waliokuwa wakiuza dawa moto kwa siri, iliwafundisha, ikawasajili, ikawapa orodha ya dawa chache za cheti wanazoruhusiwa kuuza, na ikawakagua. Mpango ukasambaa nchi nzima, na leo duka la namna hiyo ndilo analolikimbilia mgonjwa wa kata nyingi za pembezoni. Sheria ilikubali kwamba jambo lililokuwa likifanyika gizani halitakoma kwa kukatazwa, ikaliwekea taa na daftari. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilibadilika, chakula kikaenda Shirika la Viwango, na TFDA ikawa TMDA. Busara ya Ruvuma haikubadilika. Shuleni haikufika.

Wasichana ndio wanaolipa gharama kubwa ya kutofika huko. Vidonge vya maumivu ya hedhi ndivyo, kwa kila dalili, vinavyopeanwa zaidi mabwenini, na vya kuzuia mimba, P2 vikiwamo, ndivyo vinavyofichwa zaidi. Kwa miaka mingi kipengele cha makosa dhidi ya maadili katika kanuni za 2002 kilitumika kuwaondoa shuleni waliopata mimba, hadi serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanaweza kurudi. Kidonge kwenye begi la msichana kilisomwa katika mwanga huo: hakikuulizwa kinatibu nini, kiliulizwa kinathibitisha nini. Msichana anayejua hivyo hatakwenda kwa matroni kuomba dawa ya tumbo. Ataomba kwa mwenzake wa kitanda cha pili, na atapewa chochote kilichopo.

Kanuni inayohitajika si ndefu, na waziri wa elimu ana mamlaka ya kuitunga bila kusubiri Bunge. Iseme kwamba dawa iliyoandikwa na mtaalamu ni haki ya mwanafunzi, na kwamba itunzwe ndani ya kopo au bahasha yake yenye jina. Itaje mtu mmoja shuleni atakayeitunza, ambaye mzazi na mtoto wamemkubali, na ambaye amefungwa na siri kama alivyofungwa mhudumu wa CTC. Iache pampu ya pumu na insulini mikononi mwa mwenyewe. Itofautishe aliyempa mwenzake Panadol au antibayotiki, ambaye apelekwe zahanati pamoja na mwenzake na mzazi apigiwe simu, na aliyeuza dawa tiba zenye asili ya kulevya, ambaye sheria ya 2015 inamtosha. Tena hata huyo, akiwa chini ya miaka 10, Kanuni ya Adhabu haimhesabu kuwa na jinai. Na ile kauli ya kufukuza mtoto awe ameshitakiwa au hajashitakiwa isitumike kwa kidonge ambacho hakuna aliyekitambua. Fenobabitoni na parasetamoli zote ni nyeupe, na Dodoma haikosi wafamasia wa kuulizwa.

Kazi ndogo zaidi inaweza kuanza hata kabla ya kanuni, kwenye maelekezo ya kujiunga. Ukurasa wa daktari tayari upo, na muhuri unagongwa. Ungeongezwa chini yake mstari wa jina la dawa, mstari wa saa ya kumeza na mstari wa jina la atakayeitunza, ukurasa wa makosa nao ukaelekezwa kusoma huo kwanza. Uchapaji wa fomu za Kidato cha Kwanza hufanyika kila mwaka.